Pasi ya Mama Pindo
Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki iliyopita tuliachana kidole cha karani kikiwa juu ya swichi.

Mezani, mbele ya hakimu, ilikaa pasi ya mvuke ya rangi ya bluu, iliyoundwa ng'ambo. Ndiyo ile iliyompasukia Mama Pindo, fundi cherehani, ikammwagia mkono wa kulia maji yanayochemka na plastiki iliyoyeyuka. Vidole vitatu vimejikunja mpaka leo. Daktari amesema visipopasuliwa mapema kovu litakomaa, na mkasi hataushika tena maishani.

Aliyeshtakiwa ni mwenye duka na bohari, mtu ambaye mji mzima unamwita Bwana Kontena. Sheria yenyewe haina mafumbo: kiwanda kikiwa ng'ambo, aliyeingiza bidhaa nchini ndiye anayejibu badala yake. Mama Pindo akishinda, mwingizaji atagharamia upasuaji. Akishindwa, mkono ndio basi tena.

"Iwashwe!" alikuwa ametaka wakili wa Bwana Kontena, yule tuliyemzoea kwa jina la Tai Nyekundu. "Pasi haina kosa, Mheshimiwa. Kosa ni la mtumiaji. Iwashwe hapa hapa, sote tuone."

Watu wa benchi la mbele walihamia benchi la nyuma. Askari wa mahakama alisogea mpaka mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa.

Karani akafumba jicho moja, akabonyeza.

Kitaa chekundu kikawaka.

Dakika moja. Dakika mbili. Kitaa kikazimika, kama inavyotakiwa. Kikawaka tena, kikazimika tena. Kisha pasi ikatoa mvuke mwembamba, taratibu, kama mtoto anayepuliza chai.

Basi. Hakuna kilichopasuka.

Tai Nyekundu akachomoa leso mfukoni mwake, akaitandaza mezani, akaipiga pasi, akaikunja mara nne na kuirudisha mfukoni.

"Sina la kuongeza, Mheshimiwa."

Chumba kikaangua kicheko. Bwana Kontena alicheka mpaka kiti kikalia.

Mama Pindo alisimama, uso umemparara. "Hapana! Si kweli hii!"

"Si pasi yako?" hakimu akauliza.

Akaisogelea, akaitazama mpini. Palikuwa na alama ndogo ya mkasi aliyoichora mwenyewe siku aliyoinunua, ili wateja wasije wakaibadilisha.

"Ni yangu," alisema kwa sauti iliyokauka. "Ni yenyewe. Lakini sielewi."

Wakili wake naye hakuelewa. Ni binti mdogo aliyeanza kazi juzi tu, ndiyo maana wenzake humwita Wakili Mdogo. Pasi ile aliipokea mwenyewe, akaitia katika mfuko wa plastiki, akaufunga kwa mkanda wa gundi na kuweka sahihi juu yake, asije mtu akasema wameichezea. Hakuthubutu hata kuiwasha. Mkanda ulifunguliwa leo asubuhi, mbele ya hakimu.

Akageuka nyuma kuwatazama watu wake. Hapo akaona kitu ambacho hakukitarajia.

Mume wa Mama Pindo, fundi redio anayejulikana kwa jina la Koleo, alikuwa anatabasamu.

Halikuwa tabasamu la mtu aliyechanganyikiwa. Lilikuwa tabasamu la fundi anayeona kazi yake imekubali.

"Mzee Koleo," wakili alinong'ona, "umeigusa hii pasi?"

"Nimeitengeneza," alijibu Koleo kwa sauti iliyofika mpaka kwa askari mlangoni.

Vichwa vyote vikageuka.

"Njoo hapa mbele, mzee," hakimu alisema.

Koleo alikwenda, kifua mbele, koti limenyooshwa, viatu vinang'aa.

"Uliitengeneza lini?"

"Siku ya pili baada ya ajali, Mheshimiwa. Mama yuko hospitali, mimi niko nyumbani peke yangu, pasi iko chini imelala ubavu. Nikashindwa kuvumilia."

"Kuvumilia nini?"

"Kukaa nyumba moja na kitu kibovu."

Kicheko kingine. Hakimu hakucheka.

"Na ulipotakiwa uilete kama ushahidi, mbona hukusema?"

"Tangi lililoyeyuka nilishalibadilisha, na mimi sikuulizwa. Halafu, Mheshimiwa, nilidhani mahakamani hakuletwi kitu kibovu. Hata hivi viatu nimevipiga rangi."

Tai Nyekundu alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, ushahidi wao wameuharibu wenyewe. Naomba shauri litupwe."

Hakimu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Nawapa mpaka saa nane," alimwambia Wakili Mdogo. "Nileteeni kitu kinachoonyesha pasi hii ilikuwa na kasoro ilipotoka kiwandani. Mkirudi mikono mitupu, nalitupa."

* * *

Kwenye ujia wa mahakama, chini ya taa iliyokuwa inapepesa, Mama Pindo alimshika mumewe kola kwa mkono wake mzima.

"Baba watoto! Mimi nimelala wodini wiki sita, wewe unanitengenezea pasi?"

"Nilitaka ukirudi ukute..."

"Nikute nini? Nipige pasi kwa mkono upi? Huu?"

Akamwekea mkono ule mbele ya uso. Koleo akatazama pembeni.

"Mwache, wifi, utamchosha bure," alidakia dada yake Koleo, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala, ambaye mtaani wanamwita Bi Kidomo. "Kaka yangu namjua tangu anatambaa. Huyu siku akifa mtamwona anafungua jeneza kutoka ndani. Atawaambia bawaba imelegea."

"Wifi, leo si siku ya mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nalia kwa njia yangu."

Wakili Mdogo alikuwa ameegemea ukuta, faili kifuani. "Kosa ni langu pia. Ningeiwasha siku ile ile aliponiletea, tungejua mapema."

"Kosa lipi?" Koleo alishangaa. "Kile kibovu si ninacho?"

Wote watatu wakamgeukia.

"Kibovu kipi?"

Akaingiza mkono ndani ya koti. Sasa, msomaji, inafaa ujue desturi ya banda la Koleo. Kwa miaka thelathini, kila kifaa anachokitoa kwenye redio au pasi ya mtu hukitia katika kijaluba cha plastiki, akakiandikia karatasi na kumkabidhi mwenyewe. Hataki mteja aende akisema fundi kamwibia kizima kamwekea kibovu. Wako mafundi wanaomcheka kwa hilo. Yeye huwaambia wacheke huku wakihesabu wateja wao wangapi wanarudi.

Kijaluba kilitoka. Ndani yake kulikuwa na kipande cha waya kirefu kama kucha ya dole gumba, kimeungua mpaka kimekuwa cheusi. Karatasi iliandikwa kwa herufi za mraba, zimenyooka kama zimepigwa rula. Tarehe. Aina ya pasi. Halafu: *Mteja: mke wangu. Kilichotolewa: waya mtupu, mahali pa fyuzi. Mteja hajafika kuchukua.*

"Nilikuja nacho leo nimkabidhi," alisema Koleo kwa aibu kidogo. "Nilingoja kwanza kazi ionekane."

Wakili Mdogo alikinyakua. "Hebu nielezee. Pole pole."

"Hapa, pasi ikitoka kiwandani, panakaa fyuzi ya joto. Joto likizidi kipimo, inakatika, pasi inazima. Ndiyo mlinzi wake. Hawa hawakuweka fyuzi. Wameunga waya mtupu. Basi siku kile kifaa cha kupima joto kikikwama, hakuna tena cha kuzuia. Moto unapanda tu, unapanda tu, mpaka..."

Hakumalizia. Mama Pindo alikuwa ameuficha mkono ndani ya mtandio.

"Waya," alisema taratibu. "Mkono wangu wameula kwa kipande cha waya."

Wakili Mdogo alitaka kuruka kwa furaha. Alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akasimama. Uso ukambadilika.

"Haitoshi."

"Haitoshi nini, binti yangu?"

"Tai Nyekundu atasema waya huu umeuweka wewe, mzee. Uliifungua pasi peke yako nyumbani. Nani shahidi wako?"

Koleo alitukanwa mara nyingi maishani, lakini hili lilimwingia mpaka kwenye mifupa. "Mimi? Mimi nilehemu ovyo namna hii? Itazame risasi ya kulehemu ilivyofura! Kama pua yenye jipu! Miaka thelathini sijapata kulehemu..."

"Mimi nakuamini. Hakimu hakujui." Wakili akashusha pumzi. "Tunataka pasi nyingine ya aina hii hii, ya mzigo ule ule, na haijapata kufunguliwa. Bwana Kontena aliziondoa zote madukani wiki aliyopata hati ya kuitwa. Nimezunguka mji mzima. Hakuna."



Bi Kidomo akakohoa. Akafungua mkoba wake, akachungulia ndani kana kwamba ameitwa na mtu, akaufunga. Akakohoa tena.

Mama Pindo alimjua wifi yake. Mdomo ule ukinyamaza, kuna jambo.

"Wifi."

"Abee."

"Una nini?"

"Sina kitu. Vumbi la hapa tu."

"Wifi!"

"Basi nisikilize, lakini usinipigie kelele, nina presha." Bi Kidomo akavuta mtandio wake. "Siku ile unanunua, nilikuwa dukani. Nyuma ya nguzo. Nikakuona umebeba boksi la bluu, unatembea kama ardhi yote ya kwako. Nikasema moyoni, mimi nimeshindwa nini? Ulipotoka, nikachukua langu."

"Unayo?"

"Chini ya kitanda. Kwenye boksi lake, na stika yake haijabanduliwa."

Mama Pindo alishika kiuno. "Miezi yote hii unatuona tunahangaika!"

"Sikujua kuwa mnaitafuta! Na ningesemaje? Mtaa mzima nimewaambia wifi anapenda makuu, hawezi kutumia pasi ya kawaida kama sisi. Halafu nionekane na mimi ninayo? Hata kuichomeka sijawahi, niliogopa utakuja ghafla unikute nayo."

Wakatazamana. Bi Kidomo ndiye aliyeelewa kwanza maana ya maneno yake mwenyewe. Akautazama mkono wake wa kulia, vidole vyote vitano, akavikunjua na kuvikunja.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Wivu wako, wifi," Mama Pindo alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule wa ajali alicheka, ingawa macho yalikuwa yamejaa machozi, "umekuachia mkono. Kimbia sasa. Kimbia kabla sijakukumbatia."

Bi Kidomo hajakimbia tangu alipokuwa na miaka kumi na tano. Siku hiyo alikimbia.

* * *

Saa nane kasoro dakika tatu, mlango wa mahakama ulisukumwa kwa nyonga. Bi Kidomo aliingia akihema, boksi la bluu kifuani, limefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga.

"Mheshimiwa, napinga!" Tai Nyekundu alipaza sauti kabla shuka halijafunguliwa. "Hatujui kimetoka wapi!"

Hakimu alilipokea boksi, akaligeuza. Stika ya kiwanda ilikuwa nzima. Stika ya duka la Bwana Kontena ilikuwa chini yake. Akalinganisha namba ya mzigo iliyopigwa ubavuni na ile iliyokuwa kwenye pasi ya Mama Pindo. Zilikuwa namba moja.

"Kimetoka dukani kwa mteja wako, wakili. Nakipokea. Karani, yule fundi umeme anayetengeneza taa za ujiani bado yupo?"

"Yuko juu ya ngazi, Mheshimiwa."

"Mwambie ashuke aje na bisibisi."

Koleo alikwisha kunyanyuka na bisibisi yake mkononi.

"Wewe kaa chini!" hakimu alimwambia. "Pasi hii hutaigusa hata kwa mawazo."

Fundi wa mahakama aliingia, vumbi la dari mabegani. Akala kiapo. Akaibandua stika mbele ya mawakili wote wawili, akaitoa pasi, akaanza kufungua. Parafujo ya kwanza. Ya pili. Akaigeuza, akaipekua, akaivuta. Haikufunguka. Akavuta tena.

Kwenye benchi, Koleo alikuwa ameinama mbele. Alishika magoti yake kwa mikono miwili. Akauma mdomo. Ikamshinda.

"Ya tatu iko chini ya kibandiko cha jina!"

"Mzee!"

"Samahani, Mheshimiwa."

Fundi akabandua kibandiko. Parafujo ya tatu ilikuwepo. Mfuniko ukafunguka. Akawasha kurunzi, akachungulia kwa muda uliokuwa mrefu kuliko asubuhi nzima.

"Hapa panatakiwa fyuzi ya joto," alisema.

"Ipo?"

"Haipo, Mheshimiwa. Wameunga waya mtupu. Na wamelehemu vibaya sana."

"Nilisema!" Koleo alipiga kelele. "Kama pua yenye jipu!"

Chumba kililipuka. Bi Kidomo alipiga kigelegele, askari akamnyamazisha, akaendelea kukipiga chini chini. Mama Pindo aliinamisha kichwa juu ya mkono wake na mabega yakaanza kumtikisika. Wakili Mdogo aliandika kitu katika daftari lake, akakipigia mstari mara tatu mpaka karatasi ikachanika.

Hakimu alimwita fundi, akachungulia mwenyewe ndani ya pasi.

"Nimeona," alisema. "Karani, andika kwamba nimeona."

Bwana Kontena hakuwa anacheka tena. Alikuwa amemwinamia wakili wake, anamnong'oneza. Tai Nyekundu alitikisa kichwa kukataa. Bwana Kontena akanong'ona tena, safari hii akigonga mkoba wa ngozi kwa kidole. Wakili akaufungua.

Akasimama pole pole. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Mheshimiwa, tunakubali."

"Mnakubali nini?"

"Kwamba pasi ni mbovu. Kwamba imemuumiza mama huyu. Tunakubali yote, na tunampa pole."

Wakili Mdogo alimtazama kama mtu anayeona nyoka akijifanya kamba.

"Lakini," Tai Nyekundu aliendelea, "mteja wangu ni muuzaji tu. Naye aliletewa. Aliyeingiza mzigo huu nchini ni mtu mwingine kabisa, na hati yake ya forodha ni hii hapa. Sheria iko wazi: muuzaji akimtaja mwingizaji, shauri linamgeukia mwingizaji."

"Napinga!" Wakili Mdogo aliruka. "Kwa nini hawakuitoa tangu siku ya kwanza?"

"Tulitaraji kwamba haitafika huku," alijibu Tai Nyekundu, na sauti yake ilikuwa na huruma ya bandia iliyotisha kuliko ukali. "Hatukutaka kumwaibisha mtu."

Hakimu alinyoosha mkono. "Naipokea kwa kuiangalia tu. Ukweli wake utapimwa baadaye."

Akaisoma. Akaigeuza nyuma, akairudia mbele. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwingizaji wa mzigo huu," alisema, na akatamka majina matatu, moja baada ya jingine, kama yanavyoandikwa kwenye kitambulisho. "Kuna anayemjua?"

Hakuna aliyejibu. Watu waligeuka huku na huku. Jina lile lilikuwa geni. Mtaani hakuna mtu anayejulikana kwa jina hilo.

Lakini Bi Kidomo alikuwa ameacha kigelegele. Mkono wake ulikuwa mdomoni.

Na Mama Pindo alikuwa amenyanyua kichwa. Majina yale matatu aliyasikia mara moja tu yakitamkwa kwa pamoja namna ile, miaka ishirini na sita iliyopita, siku aliyoulizwa mbele ya watu kama anakubali kuolewa na mwenye majina hayo.

Aligeuka taratibu, akamtazama mumewe.

Koleo alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Ni mimi, Mheshimiwa," alisema. "Lakini mimi sijawahi kuingiza hata sindano."

"Sahihi hii ni yako?"

Karani akampelekea karatasi. Koleo aliitazama. Ilikuwa sahihi yake, ya herufi za mraba, zimenyooka kama zimepigwa rula.

"Ni yangu."

"Uliiweka lini?"

"Kabla mke wangu hajainunua pasi hii, Bwana Kontena alinijia bandani." Maneno yalikuwa yanamtoka moja moja. "Alikuja yeye mwenyewe, na gari lake, watu wote wanaona. Akasema mzigo umefika, unatakiwa kukaguliwa na mtaalamu, na mtaalamu mji huu ni mmoja. Akanipa kalamu. Akasema weka hapa, na hapa, na hapa."

"Ulikagua mzigo?"

"Aliniambia umeshafungwa. Nitakagua unaofuata."

"Karatasi uliisoma?"

Koleo akaitazama tena ile karatasi. Huyu ni mtu asiyefunga parafujo moja bila kuangalia ya pili. Huyu anaandika karatasi kwa kipande cha waya.

"Sikuisoma, Mheshimiwa. Nilikuwa nimefurahi kuitwa mtaalamu."

Tai Nyekundu alikohoa kwa adabu. "Mheshimiwa, nadhani sasa sote tunaelewa kwa nini mzee huyu alikuwa na haraka ya kuitengeneza ile pasi. Kabla hata mkewe hajatoka wodini."

Bwana Kontena akaitikia kwa kichwa.

Mama Pindo hakumwangalia Tai Nyekundu. Alikuwa anamwangalia mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita, na alikuwa anapima, kama anavyopima kitambaa kabla ya kukikata.

"Baba watoto. Ulijua?"

"Sikujua. Nakuapia kwa watoto wetu, sikujua."

"Ulipoifungua pasi, ukaona ule waya, hukukumbuka karatasi?"

Koleo alifungua mdomo. Akaufunga. 

Hakimu aliweka kalamu chini.

"Mama, nisikilize vizuri. Kama hati hii ni ya kweli, anayetakiwa kukujibu kwa mkono wako si mwenye duka. Ni mumeo. Una njia mbili. Unaweza kuliondoa shauri sasa hivi, muende nyumbani. Au unaweza kuendelea, na yeye ataunganishwa kama mshtakiwa. Unaelewa?"

"Naelewa, Mheshimiwa."

Wakili Mdogo alimwinamia sikioni. "Mama, ukiliondoa, hati hii haitahojiwa na mtu tena. Bwana Kontena anatoka leo, na pasi zile anarudisha madukani. Lakini ukiendelea tusipoweza kuthibitisha hila yake, utakuwa umemshinda mumeo, na yeye hana cha kukulipia upasuaji zaidi ya koleo lake. Mimi siwezi kukuamulia."

"Liondoe, wifi," Bi Kidomo alisema nyuma yake, na sauti yake ile haikuwa na mzaha wowote. "Ni kaka yangu. Liondoe."

Koleo alikuwa anatazama vidole vyake mwenyewe.

Mama Pindo aliutoa mkono ndani ya mtandio. Akauweka juu ya meza, mbele ya watu wote, mahali palipokuwa na pasi. Vidole vitatu vimejikunja, ngozi inang'aa kama nta. Hakuwa amewahi kuuonyesha hadharani.

"Mheshimiwa," alisema, "karani aandike. Naendelea."

Bi Kidomo akaangua kilio.

Hakuna aliyempangia Koleo pa kukaa. Aliokota kofia yake, akatoka kwenye benchi lililokuwa nyuma ya mkewe, akapita mbele ya hakimu na viatu vyake vinavyong'aa, mpaka upande wa washtakiwa.

Bwana Kontena akajisogeza kumpisha, na akamtabasamia.